Mama Anaporudi Kazini: Mshahara Unapungulia Wapi?



Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa letu la Jumamosi dada mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza swali lililotuweka mpaka adhana ya Magharibi. Katiba ya Rwanda, ibara ya 30, inasema watu wana haki ya kulipwa sawa kwa kazi iliyo sawa. Kwa nini basi, akauliza, wanawake tunaowajua, waliohitimu pamoja na waume zao, kitivo kimoja na shahada moja, wakishapata watoto wawili watatu wanapokea pungufu kuliko waume zao haohao? Kaka mmoja akasema hayo ni mambo ya Ulaya, kwetu hayapo. Muda ukaisha. Nilisema nitaandika, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Nianze na jambo ambalo wengi tunalikosea. Tukisikia "pengo la mshahara" tunamfikiria mwajiri aliye na watu wawili wa kazi ileile, anampa mwanamume bahasha nene na mwanamke bahasha nyembamba. Dhulma ya namna hiyo ipo, na ndiyo ambayo sheria huiona kwa urahisi. Lakini kwa watu wa kazi za usomi, yaani sisi tunaojiandaa kuwa wahasibu, wahandisi, wauguzi na wanasheria, sehemu kubwa ya pengo haizaliwi siku ya kuajiriwa. Inazaliwa katika miezi na miaka ile ambayo mama anarudi kazini baada ya kujifungua.

Marianne Bertrand, Claudia Goldin na Lawrence Katz waliwafuatilia wahitimu wa uzamili wa biashara wa Chuo Kikuu cha Chicago waliomaliza kati ya mwaka 1990 na 2006. Utafiti wao ulitoka mwaka 2010. Walipoanza kazi, wanaume na wanawake walikuwa na mapato yanayokaribia kulingana. Miaka kumi na kitu baadaye wanaume walikuwa wamewaacha mbali. Sababu walizozipata ni tatu: tofauti kidogo katika masomo na alama za chuoni, kukatika kwa kazi, na idadi ya saa za kazi kwa wiki. Mbili za mwisho zilifungamana hasa na kupata watoto. Goldin huyu ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023.

Henrik Kleven na wenzake walifanya hesabu hiyo kwa nchi nzima ya Denmark, wakatoa matokeo yao mwaka 2019. Mstari wa mapato ya wanawake na ule wa wanaume inakwenda sambamba mpaka anapozaliwa mtoto wa kwanza. Hapo wa mama unaanguka, na hata baada ya miaka mingi haurudi pale ambapo ungekuwa. Upungufu wa muda mrefu ni karibu asilimia 20. Wa baba hautikisiki. Na Denmark ni nchi yenye likizo ndefu na vituo vya kulelea watoto karibu kila mtaa, kwa hiyo asiseme mtu kwamba tatizo ni kukosa chekechea tu.

Sasa lile la kaka yetu, kwamba hayo ni ya Ulaya. Kleven na wenzake baadaye walikusanya takwimu za nchi 134, zikiwemo za Afrika. Waliona kwamba katika nchi ambazo watu wengi wanaishi kwa kilimo cha kujikimu, mtoto wa kwanza hamwondoi mama kazini kwa kiwango kikubwa. Anayelima humfunga mtoto mgongoni akaenda shamba. Gharama ya mtoto hukua kadiri nchi inavyohama kutoka jembe kwenda kwenye ofisi na mshahara wa mwezi. Kaka yetu alikuwa na haki ikiwa alikuwa anamfikiria bibi yake kijijini. Dada aliyeketi pembeni yake darasani anaelekea upande mwingine, kule ambako pengo linaongezeka.

Tuifanye hesabu kwa faranga zetu. Huu ni mfano tu, si mshahara wa mtu. Kaka na dada wanaajiriwa siku moja kwa faranga 400,000 kwa mwezi, na kampuni inatoa nyongeza ya asilimia 6 kila mwaka kwa anayepata alama nzuri kwenye tathmini. Baada ya miaka 10 kaka amepata nyongeza zote 10. Mshahara wake ni karibu 716,300. Dada amejifungua mara tatu, na kila mwaka wa kujifungua alama zake zilikuwa chini, nyongeza ikampita. Amepata 7. Mshahara wake ni karibu 601,500. Tofauti ni kama faranga 114,900 kila mwezi, sawa na asilimia 16. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni wa RSSB ni asilimia 12 ya mshahara, nusu mwajiri na nusu mfanyakazi, kwa hiyo pengo hilo linaingia pia katika akiba ya uzee: kama faranga 13,800 kila mwezi ambazo kaka anawekewa na dada hawekewi. Na wala hajaacha kazi hata siku moja nje ya likizo yake ya kisheria.

Uliza ni nani aliyevunja ibara ya 30. Utatafuta sana. Mkataba wa kwanza ulikuwa sawa. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake kwenye karatasi.

Nililiona hili kwa macho yangu nilipokuwa stage ya miezi mitatu katika idara ya mishahara ya kampuni moja hapa Kigali, ambayo sitaitaja. Fomu yao ya tathmini ilikuwa na kipengele cha kuhudhuria kazi na kingine cha idadi ya mafaili yaliyokamilishwa kwa mwaka mzima. Mama aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi alihesabiwa mafaili ya miezi tisa akalinganishwa na wenzake waliofanya kazi miezi kumi na miwili. Nilimuuliza aliyekuwa akinisimamia, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Hakuna aliyemwonea, hakuwepo." Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa ananiletea chai asubuhi. Fomu ndiyo iliyokuwa haijui kutofautisha aliyetoroka kazi na aliyekwenda kuzaa, naye hakuwahi kujiuliza nani aliitunga.

Kuna na dhana, ambayo haihitaji fomu. Shelley Correll, Stephen Benard na In Paik walifanya jaribio katika Chuo Kikuu cha Cornell, lililochapishwa mwaka 2007. Waliwapa washiriki wasifu wa waombaji kazi wawili wenye sifa zinazolingana, ila mmoja alitajwa kuwa ni mzazi, kwa mfano kwa kuonyesha kuwa yumo katika chama cha wazazi na walimu. Mwombaji aliye mama alionekana hana uwezo wala moyo wa kazi kama mwenzake asiye na mtoto, na mshahara wa kuanzia aliopendekezewa ulikuwa pungufu kwa dola 11,000 kwa mwaka. Mwombaji aliye baba hakupunguziwa kitu. Waliokuwa wakitoa hukumu hizo si mameneja wazee wenye fikra za zamani. Walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, rika lenu. Watafiti hao wakatuma pia maombi kwa waajiri wa kweli, na wanawake wasio na watoto wakapigiwa simu mara mbili zaidi ya akina mama.

Nani alipe likizo ya uzazi?

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu Rwanda ina somo ambalo majirani wanaweza kujifunza.

Chini ya sheria ya kazi ya mwaka 2009, mama alikuwa na wiki 12 za likizo, lakini zilikuwa na mtego. Wiki 6 za mwanzo alilipwa mshahara kamili. Wiki 6 zilizofuata alichagua: arudi kazini alipwe kamili, au abaki na mtoto alipwe asilimia 20. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa hakuwa na la kuchagua. Akina mama walirudi kazini na kichanga cha mwezi mmoja na nusu, maziwa yanawavuja, wanahesabu dakika. Halafu ofisini wanashangaa kwa nini hafanyi kazi kama zamani!

Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya mfuko wa mafao ya uzazi unaosimamiwa na RSSB. Kila mfanyakazi anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri wake anaongeza asilimia 0.3. Kwa utaratibu huo mwajiri alilipa wiki 6 za mwanzo na mfuko ukalipa wiki 6 za mwisho, na mama akapata mshahara kamili muda wote. Mwaka 2023 likizo ikaongezwa hadi wiki 14, kiwango ambacho Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unakiweka kuwa cha chini kabisa.

Asilimia 0.3 ya faranga 400,000 ni 1,200. Ni hela ya nauli. Jambo la maana zaidi kwangu ni kwamba inakatwa kwa kila mtu. Kijana wa Biryogo ambaye hajaoa anachangia. Kampuni yenye madereva wanaume watupu inachangia. Mwajiri aliyekuwa akiwakwepa wanawake ili asilipe likizo ya uzazi amepungukiwa na sababu ya kuwakwepa, maana mchango analipa hata akiajiri wanaume pekee. Mkataba huo namba 183 una kifungu kinachosema mwajiri asibebeshwe peke yake gharama ya mafao ya uzazi ya mfanyakazi wake, isipokuwa katika hali maalumu, na sababu ni hiyohiyo. Ukimtwisha mwajiri mzigo wote, atautua juu ya mwanamke: hatamwajiri, au atamwajiri kwa mshahara mdogo akiwa amekwisha kupiga hesabu ya likizo kimoyomoyo.

Wenzetu kutoka Uganda na Kenya wafikirie hili. Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na ile ya Kenya ya 2007 inampa miezi 3 kwa mshahara kamili. Kwa kusoma tu ni haki nzuri, lakini katika sheria zote mbili anayetoa mfukoni ni mwajiri. Sheria inaweza kumpa mama haki kwa mkono mmoja na mwajiri akaichukua kwenye mshahara wa kuanzia kwa mkono mwingine.

Mwenye kusoma aya za kunyonyesha hatashangazwa na fikra hii. Suratul Baqara aya ya 233, inapotaja miaka miwili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, inaweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, kisha inaweka mfano wa hayo juu ya mrithi. Inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile. Hata kumwachisha mtoto inaagiza kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Suratut Talaq aya ya 6, kuhusu wanawake walioachwa wanaowanyonyesha watoto wa waume waliowaacha, inatumia neno ujira. Wanavyuoni wametofautiana juu ya mke aliyemo ndani ya ndoa. Mahanafi hawaoni kwamba achukue ujira kwa mumewe. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumekulia, mama anawajibika kumpa mtoto yale maziwa ya mwanzo, na baada ya hapo akidai ujira wa mfano ana haki nao. Sitaki mtu aende nyumbani akamwandikie mumewe ankara. Ninachotaka kionekane ni kwamba uzazi una gharama, kwamba gharama hiyo imehesabiwa, na kwamba mama siye aliyeandikwa kuwa mlipaji.

Kaka mmoja alinifuata baada ya darasa akaniambia: nafaka ni juu yangu, kazi kwake ni hiari, basi akipunguziwa mshahara avumilie. Nimelifikiria sana neno hili. Nafaka ya mume ni haki yake kwa mumewe. Mshahara ni haki yake kwa mwajiri. Ni mikataba miwili, na kutimizwa kwa mmoja hakufuti mwingine. Suratun Nisaa aya ya 32 imewapa wanaume fungu katika walichochuma na wanawake fungu katika walichochuma. Kisha tazama nyumba zenyewe. Yuko mjane, yuko aliyeachwa na watoto wanne, yuko ambaye mumewe yupo lakini hana kazi, na wote hao wanasimama mbele ya meza ileile ya mwajiri. Na mwajiri anayemwongezea baba kwa kuwa "ana familia" na kumpunguzia mama kwa kuwa "ana watoto", hao watoto si walewale? Tangu lini amekuwa kadhi wa kugawa nafaka kwa fedha za kampuni?

Likizo peke yake haitoshi, kama Denmark inavyoonyesha. Goldin, katika kitabu chake cha mwaka 2021, anazungumzia kazi alizoziita zenye ulafi, zinazolipa zaidi kwa yule anayepatikana saa zote: simu ya saa mbili usiku, safari ya ghafla ya Rusizi, kikao cha Jumamosi. Nyumbani wakiwa wawili wenye kazi kama hizo na mtoto ana homa, mmoja lazima aachie, na mara nyingi anaachia mama. Mume anapanda kwa sababu mke ameshuka. Kwa hiyo mshahara mnono wa baba una jasho la watu wawili ndani yake, ingawa hati ya mshahara ina jina moja.

Saa za kazi ni jambo ambalo serikali inaweza kuligusa, na hapa imeligusa. Tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi Rwanda ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na masomo shuleni yanaanza saa mbili na nusu, ili wazazi wapate kuwaandaa watoto. Sina hakika kama waajiri binafsi wote wanaliheshimu, lakini ni mwelekeo mzuri. Likizo ya baba imefika siku 7 za kazi. Linganisha 7 na wiki 14, utaelewa mwajiri anamwona nani kuwa ndiye mwenye mtoto.

Na kaka zangu, hizo siku 7 mzichukue. Niliwaona wanaume huko stage wanaosaini siku chache kisha wanarudi ofisini siku ya tatu wakijisifu. Kila anayefanya hivyo anamfundisha mwajiri kwamba mwenye kulea anatambulikana kwa jinsia.

Dada zangu mnaokaribia kusaini mkataba wa kwanza, yako maswali ambayo hayana aibu, na ni afadhali yaulizwe mapema, na wote, hata na kaka asiyetarajia kuzaa. Nyongeza ya mwaka inampataje aliyekuwa likizo halali? Tathmini inapima mafaili ya mwaka mzima au ya miezi aliyokuwepo? Anayerudi anarudishwa kwenye nafasi yake au anapewa "nafasi nyepesi" yenye posho pungufu? Hiyo nafasi nyepesi mara nyingi hutolewa kwa huruma ya kweli, kwa hiyo ni ngumu kuikataa. Ukiikubali, andikisha ni kwa muda gani na ngazi yako ya mshahara inabaki ipi. Ukienda likizo, acha orodha ya kazi ulizokabidhi na tarehe. Ukirudi, omba kwa maandishi kwamba upimwe kwa miezi uliyofanya. Na hakikisha tangu mwezi wa kwanza kwamba ile asilimia 0.3 inakatwa na kupelekwa RSSB, maana mfuko unawalipa waliochangiwa.

Wengine kati yenu mtakuwa ndio watunzi wa zile fomu. Kugawanya idadi ya mafaili kwa miezi aliyokuwepo mtu ni kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta.

Hayo yote ni ya mwenye mkataba. Mama anayevuka mpaka wa Rubavu kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani hana likizo, hana tathmini wala mtu wa kumdai; akijifungua, anachokula siku hizo ni mtaji wake. Darasa la Jumamosi ijayo, inshaallah, tutaanza na huyo. Anayeweza kuja na mahesabu ya mama yake au shangazi yake anayefanya biashara, kwa idhini yake, aje nayo.